Pikapu imeinuliwa, nyuma inagonga na kutetemeka: usinunue shokapu nyingine kwanza

Mkuu, umesema pikapu yako imeinuliwa sentimita 7.5, nyuma ina springi bapa (za vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya vingine), na tangu siku hiyo inagonga kwenye mashimo, inatetemeka ikifika kilomita 70 kwa saa, na shokapu umebadilisha mara mbili bila nafuu. Za tatu usinunue. Nilipita njia hiyohiyo na nikapoteza miezi minne, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu.

Ukiinua gari, vitu vipya ulivyofunga mara nyingi havina kosa. Vinavyolalamika ni vile ambavyo hukuvigusa, maana vilipangwa kiwandani kwa kimo cha zamani: bushi (raba za kwenye viungo), propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), hosi (mipira ya breki), vishikio.

Nianze na kishindo. Aliyenifungia springi alikaza kila bolti gari likiwa kwenye stendi, ekseli ikining'inia. Bushi ya raba haizunguki ndani ya jicho la springi, inajisokota tu. Ukiikaza ekseli ikiwa imening'inia, gari likishushwa raba inakuwa imesokotwa tayari kabla hujaondoka hata mita moja. Nyuma inakuwa ngumu, gari linasimama juu kuliko ulivyotegemea, na raba inachanika mapema. Zangu zilichanika kabisa, chuma kikawa kinagonga chuma, na mimi muda wote nikilaumu shokapu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama. Gari lisimame chini kwa matairi yake, mahali tambarare. Legeza nati za bolti za mbele za springi na za shakeli (kiungo kinachocheza mwisho wa nyuma wa springi) bila kuzitoa, panda nyuma ulitikise gari mara kadhaa mpaka likae lenyewe, kisha kaza hapohapo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Raba ikiwa imeshachanika, kukaza hakutaisaidia, badilisha.

Ukiwa chini huko, angalia yu-bolti, yaani bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Springi mpya hujikandamiza baada ya safari za mwanzo na yu-bolti hubaki zimelegea, ndiyo maana hukazwa tena baada ya kilomita 500 hivi. Yu-bolti zilizokwisha kutumika usizirudishe, zimeshavutika. Zikilegea, ekseli husogea na hatimaye bolti ya katikati ya springi hukatika. Kuna namna rahisi ya kulijua hili: matairi ya mbele yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Ukikuta tofauti inayozidi milimita chache, gari hilo lisiende barabarani kabla hujafungua.

Sasa shokapu zenyewe. Swali la kuuliza ni urefu wake, wala si jina lililoandikwa juu yake. Weka chasisi kwenye stendi imara, acha ekseli ining'inie huku jeki ikiipokea kwa chini, kisha toa bolti ya chini ya shokapu na ushushe jeki polepole. Ekseli ikiendelea kushuka, basi shokapu ndiyo iliyokuwa inaizuia, na kila shimo linaivuta mpaka mwisho wake kwa kishindo. Hiyo ni fupi mno. Kinyume chake nacho ni hatari: shokapu ndefu mno inafika mwisho wa kubonyea kabla ya raba ya kupokea kishindo, inapasuka au inang'oa kishikio chake. Pima pande zote mbili kabla hujalipa mtu.

Kutetemeka ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Fika kwenye mwendo ule unaotetemeka, halafu achia mafuta. Ikibadilika papo hapo kati ya kukanyaga na kuachia, shuku pembe ya difu (sanduku la gia katikati ya ekseli). Isipobadilika, anza na balansi ya matairi na propela yenyewe.

Pembe pima kwa simu yenye programu ya kupima mteremko, gari likiwa chini. Propela ya kawaida, yenye krosi (kiungo cha msalaba kinachopinda) moja kila mwisho, inataka shafti inayotoka transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) na pinioni ya difu (shafti fupi ya kwenye pua yake, inayopokea propela) ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1. Krosi iliyopinda haizungushi kwa mwendo sawa, huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na krosi ya pili hufuta kosa hilo pale tu pembe zinapolingana. Kwenye springi bapa mimi huacha pinioni imeinama chini digrii 1 au 2 zaidi, kwa sababu ukikanyaga mafuta pua ya difu hupanda. Lakini kama propela yako ina krosi mbili zilizobebana upande wa transfa, kanuni hiyo isahau: pinioni inatakiwa kuelekea moja kwa moja kwenye propela. Marekebisho ni kabari kati ya springi na ekseli. Chagua za chuma cha pua au chuma cha kawaida, za aluminiamu hupondeka.

Je, uliinua kwa springi mpya au kwa matofali ya chuma chini ya springi? Hukusema, na ni muhimu. Tofali huipa ekseli mkono mrefu wa kuipinda springi, pua ya difu inapanda zaidi kila unapoondoka kwa nguvu, na hata pembe nzuri haidumu. Kupanga matofali mawili juu ya mengine ni jambo ambalo nakusihi usilifanye kamwe.

Mwenzetu aliyeuliza kuhusu gari lake la koili (springi za kuzunguka, si bapa) kwamba ekseli imehamia upande mmoja: hiyo ni fimbo inayoshika ekseli isiende kando. Inavyozidi kuinama, inaivuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chasisi. Fimbo ya sentimita 90 iliyolala sawa, ukiinua 7.5, inavuta milimita 3 tu. Ileile ikiwa ilianza na mwinamo wa sentimita 10, inavuta zaidi ya 11. Funga fimbo ya kurekebishika.

Mwisho breki, ambazo hazigongi wala hazitetemeki, ndiyo maana zinasahaulika. Ekseli ikining'inia, hosi isivutike. Na pikapu nyingi zina vali kwenye chasisi yenye mkono ulioungwa na ekseli, inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Ukiinua chasisi, vali inadhani gari ni tupu daima, hata ukibeba mzigo mzito. Kishikio cha mkono huo upande wa ekseli kinatakiwa kupandishwa kwa kiasi kilekile ulichoinua gari.

Niletee pembe mbili ulizopima, aina ya propela, na jibu la matofali, tuendelee kutoka hapo.