Fedha Inayotengenezwa na Bakteria: Je, Inanyweka?

SWALI: Nimesoma kwamba bakteria wa probiotiki, wale wale wanaogandisha mtindi, wanaweza kutengeneza chembe za nano za fedha zinazoua bakteria waletao maradhi. Je, bakteria hao hubaki hai ndani ya chembe hizo? Na kama fedha inaua vijidudu, kwa nini tusiinywe?

JIBU: Ndugu msomaji, fedha inayozungumziwa hapa ni madini, si ile ya mfukoni, na ndani ya chembe zake hamna kiumbe hai. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus hukuzwa katika kimiminika chenye virutubisho, kisha huzungushwa kwa mashine hadi seli zitulie chini. Mara nyingi ni maji ya juu tu yanayochukuliwa na kuchanganywa na nitrati ya fedha, yaani chumvi ya fedha inayoyeyuka majini. Protini na viambato vingine vilivyoachwa humo na bakteria huzipa ioni za fedha (atomi zilizopungukiwa elektroni) elektroni, ioni hugeuka atomi, atomi hushikamana kuwa chembe, na protini hizo huzivika chembe ganda linalozizuia zisigandamane. Mabadiliko yenyewe huonekana kwa macho: maji ya manjano hafifu huanza kuwa kahawia. Chembe hizo hazizidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali bakteria mmoja wa E. coli ana urefu wa takriban nanomita 2,000.

Zinapomfikia bakteria, chembe hujibandika kwenye ukuta wa seli na kutoa ioni kidogo kidogo, nazo ioni hunasa salfa iliyomo katika protini, zikavuruga upumuaji wa seli na kutoboa utando wake. Kwa kuwa hushambulia sehemu nyingi kwa pamoja, usugu dhidi yake ni mgumu kujitokeza, ingawa si muhali: mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella sugu kwa nitrati ya fedha katika wodi ya majeraha ya moto huko Boston.

Kipimo kinachopendwa maabara ni kutoboa kishimo katika agari, yaani ute mgumu wa kukuzia vijidudu, iliyopandwa bakteria, kutia chembe, na kesho yake kupima duara angavu ambamo hakuna kilichoota. Mimi duara hilo pekee halinitoshi, kwani hata siki huweza kulichora. Maji yaliyotoka kwa Lactobacillus yana asidi ya laktiki, ambayo nayo huua. Kwa hiyo jaribio lisilopima maji hayo peke yake, na nitrati ya fedha peke yake, haliwezi kutuambia ni kipi hasa kilichofanya kazi.

Kuhusu kunywa, jibu ni hapana. Chembe hizi hazikurithi wema wa bakteria waliozitengeneza: haziwabagui bakteria wazuri wa utumbo, na fedha ikirundikana mwilini huleta argiria, hali ya ngozi kugeuka rangi ya kijivu na bluu ambayo kwa kawaida haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba dawa za fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na ufanisi. Panapoifaa fedha ni juu ya ngozi: krimu ya sulfadiazini ya fedha imetumika kwa majeraha ya moto tangu miaka ya 1960, na zipo bandeji zenye fedha. Chembe zinazotokana na probiotiki, kwa sehemu kubwa, bado ziko kwenye sahani za maabara na kwa wanyama wa majaribio.