Kwa mnaoanza kukadiria mkao kwa GPS: pimeni antena kabla ya kuilaumu solva (programu inayotafuta jibu)

Kukadiria mkao ni kujua chombo kimeelekea wapi na kimeinama kiasi gani. Kazi hii nilijifunza kwenye mashua pale Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, antena nne zimefungwa kwa waya, moja juu ya mlingoti, kompyuta imefunikwa nailoni. Nawaandikia ili msipoteze siku tisa kama nilizopoteza.

Wimbi la L1, mojawapo ya masafa ya GPS, lina urefu wa kama sentimita 19. Kipokezi husoma kipande cha wimbi hadi milimita chache, ila hakijui mawimbi mazima ni mangapi. Ukiipata hesabu hiyo, antena zilizoachana mita 1 hukupa mwelekeo kwa kosa la kama theluthi ya digrii. Msikadirie hesabu hizo za mawimbi mazima moja moja, kwa kuwa makosa yake yameshikana. Tumieni LAMBDA, njia ya Peter Teunissen wa Delft ya kuzitafuta zote kwa pamoja.

Matrisi za mzunguko, yaani majedwali ya namba yanayoeleza mkao wa chombo, nazo zina ukaidi wake: wastani wa mizunguko miwili tofauti si mzunguko. Ndiyo maana tunalegeza sharti, tukaruhusu matrisi yoyote iliyomo ndani ya gamba la konveksi (umbo dogo kabisa lisilo na mbonyeo) linalozingira mizunguko yote. Badala ya mabonde mengi kama ya milima ya Kigezi unapata bakuli moja. Anzia popote, utateremka hadi chini palepale. Naipenda mno njia hii. Lakini solva ikikuambia imepata jibu bora, ni bora kwa tatizo ulilolilegeza. Itenganishe matrisi kwa SVD, hesabu inayoonyesha matrisi inavuta au kusinyaza kiasi gani kila upande, uone kama thamani zote tatu zinakaribia 1.

Zangu zilitoka 0.91, 0.9 na 0.83. Nilichimbua kodi ya programu mstari kwa mstari, nikabadilisha solva, wapi. Asubuhi moja nikiwa na tepu mkononi, mzee mwenye mashua akaniuliza, "Kijana wangu, mbona unapima pembeni na kitu chenyewe kiko katikati?" Nilikuwa nimepima ukingo wa nje wa antena hadi ukingo wa nje wa nyingine, badala ya katikati hadi katikati. Kila urefu ulizidi kwa sentimita 10, zaidi ya nusu ya wimbi, na matrisi ilikuwa inasinyaa ili ilingane na vipimo. Thamani zote zikiwa chini ya 1 kwa pamoja, shikeni tepu kwanza.

Jambo jingine: hapa kwetu karibu na ikweta, ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, huchafuka baada ya machweo, hasa Machi na Septemba, na kipokezi hupoteza mawimbi ghafla. Mimi huanza saa moja asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia.