Rangi kwenye insha ya maombi: haijakatazwa

Kuna wanaodai kwamba mwombaji wa chuo Marekani haruhusiwi tena kutaja rangi yake ya ngozi kwenye insha anayotuma na maombi. Hapana, Mahakama ya Juu ya Marekani haikumkataza. Ilichokataza tarehe 29 Juni 2023, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ni chuo kumpa mtu nafasi kwa kuangalia rangi yenyewe. Jaji Mkuu John Roberts aliandika wazi, mwishoni mwa hukumu, kwamba mwombaji anaweza kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa au kwa kumtia moyo, mradi apimwe kwa tabia na uwezo wake mwenyewe.

Kwa hiyo "mimi ni Mweusi" peke yake haimsaidii. "Nilibaguliwa darasani, nikaanzisha kikundi cha kusomeshana hesabu" inamsaidia, kwa sababu hapo kuna ujasiri na uongozi wa kupima. Tafadhali msiwashauri vijana wafute sehemu hiyo ya maisha yao kwa hofu tu.

Tahadhari ni upande wa chuo: hukumu hiyohiyo inakizuia kutumia insha kama mlango wa nyuma wa kurudisha utaratibu uliokatazwa.

Halafu mgao wa viti kwa rangi haukufutwa 2023, ulishakataliwa na Mahakama hiyohiyo tangu kesi ya Bakke, 1978. Kilichoondoka 2023 ni rangi kuwa kigezo kimoja kati ya vingi, jambo ambalo kesi ya Grutter ya 2003 ililiruhusu. Suala la vyuo vya kijeshi halikuamuliwa katika hukumu hiyo ya 2023.