Ofa ya dola 4,000 kwa domeni yako: hesabu kwanza wanunuzi

Mkuu, umesema una domeni, yaani anwani ya tovuti: neno moja la Kiswahili, herufi sita, .com, umelisajili tangu 2011 na hujawahi kulijengea tovuti. Sasa amekuja dalali wa nje anatoa dola 4,000 kwa niaba ya mteja asiyemtaja, nawe unauliza uuze au ushikilie. Mimi nimepita hapo mara mbili. Mara ya kwanza niliuza mapema, mara ya pili nikashikilia kupita kiasi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

2009 nilikuwa nafanya kazi kwenye stesheneri moja Kariakoo, kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kulikuwa na kompyuta mbili zenye intaneti. Nikasajili majina mawili kwa kadi ya benki ya shemeji yangu, maana mimi sikuwa na kadi inayolipa mtandaoni. La kwanza lilikuwa neno la kawaida kabisa linalohusu mazao. La pili msemo wa maneno mawili unaohusu usafiri. Siyataji kwa sababu leo yana wenyewe.

2013 akatokea mtu na dola 600 kwa lile la mazao. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi sita na mwenye nyumba ameshanipa notisi. Nikauza ndani ya siku mbili. Miaka michache baadaye nilisimama kwenye foleni Ubungo, nikaliona jina lile limeandikwa ubavuni mwa lori, herufi kubwa za kijani. Wenzangu husema nilipoteza mali. Kodi ililipwa na watoto hawakuhamishwa shule, kwa hiyo pesa ile siijutii. Ninachojutia ni kwamba sikukaa hata jioni moja kuandika ni nani wengine wangeweza kulihitaji neno lile. Ningeandika wenye maghala, wauza mbegu, vyama vya ushirika, watengeneza programu za bei za mazao, wasafirishaji, kuanzia Mbeya hadi Eldoret. Orodha ingefika ishirini bila taabu. Jina la namna hiyo huna haja ya kumwachia wa kwanza aliyepiga hodi.

Jina la pili ndilo lililonifundisha zaidi. 2016 kampuni changa iliandika moja kwa moja, bila dalali, ikatoa dola 9,000. Wakati ule nilikuwa nimesoma habari za business.com, kwamba ilinunuliwa kwa dola 150,000 miaka ya 1990 kisha ikauzwa kwa milioni 7.5 mwaka 1999. Nikawajibu nataka 50,000. Wakanyamaza wiki nzima. Halafu wakaongeza neno moja mbele ya jina, wakasajili .co.tz, wakaendelea na biashara yao. Niliwaandikia tena mara mbili, hawakujibu. Nilikaa miaka mitano bila ofa hata moja, na 2021 nikaliuza kwa 2,800. Msemo ule ulikuwa na mnunuzi mmoja tu duniani, nami nilimpa bei ya jina lenye wanunuzi mia.

Mjomba wangu, nilipomweleza ile ofa ya 9,000, aliniambia usiache mbachao kwa msala upitao. Niliuchukua usemi huo kama ruhusa ya kushikilia. Lakini mbachao ni mkeka mkuukuu unaoukalia kila siku. Jina lile sikuwa nalikalia, nilikuwa nalilipia tu. Kama ungekuwa na duka, barua pepe za wateja na miaka kumi ya watu kukujua kwa jina hilo, ningekuambia hata 40,000 uifikirie mara mbili, maana ungekuwa unauza mlango wa biashara yako. Wewe huna tovuti. Kwa hiyo swali lako ni la mauzo tu: nani analitaka, na wako wangapi?

Hapa watu huchanganywa na takwimu kubwa. Voice.com iliuzwa kwa dola milioni 30 mwaka 2019, kampuni ya MicroStrategy ikaiuzia kampuni ya Block.one, na hiyo kweli ilikuwa bei ya jina peke yake. Lakini CarInsurance.com ya dola milioni 49.7 mwaka 2010 iliuzwa pamoja na tovuti na biashara iliyokuwa inaingiza pesa. Hata business.com ilipouzwa tena 2007 kwa milioni 345, kilichouzwa ni kampuni nzima, na mnunuzi, R.H. Donnelley, aliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika 2009. Ukisoma bei, uliza kwanza ndani ya kapu kulikuwa na nini. Halafu kumbuka neno la Kiingereza lina wanunuzi kila bara, na la kwetu mara nyingi linatafutwa na watu ambao wakikukosa wataenda .co.tz au .co.ke kwa bei ndogo sana.

Mara nyingi, sio mara zote. Kuna maneno ya Kiswahili ambayo wageni wanayapenda kwa jinsi yanavyosikika. Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, aliuita mchezo wake wa vipande vya mbao Jenga, akauingiza sokoni 1983. Apple waliita kivinjari chao Safari mwaka 2003. Neno fupi lenye irabu wazi, ambalo mtu wa Berlin au São Paulo analitamka bila kufundishwa, lina soko pana kuliko lenye ng' au mbw, hata kama hilo la pili lina maana nzuri zaidi kwetu. Na dalali wa nje anayeficha mteja wake ni dalili kwamba neno lako huenda liko kundi hili. Mfanyabiashara wa mtaani kwetu angekupigia simu au kukutumia WhatsApp.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, fanya upelelezi. Angalia neno lako kwenye .io, .ai, .co, .app, .co.tz, .co.ke: limesajiliwa lini, na kuna nini pale? Ukikuta kampuni imesajili mawili matatu ndani ya miezi hii, mteja wa dalali umeshamjua. Tafuta pia kwenye hazina ya alama za biashara ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, ni bure. Soma na akaunti za mitandao ya kijamii zenye neno hilo. Mimi siku hizi hukaa siku tatu nzima juu ya kazi hii.

Upelelezi huo unakulinda pia upande wa sheria. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ina utaratibu wa migogoro ya majina, UDRP, na mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu yote: jina linafanana na alama yake ya biashara, wewe huna haki wala maslahi halali juu yake, na ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. Neno la kamusi ulilolisajili 2011, kabla kampuni yake haijazaliwa, linakuweka pazuri. Usijiharibie mwenyewe kwa kuweka matangazo ya bidhaa kama za mlalamikaji pale, wala kwa kuandika barua ya vitisho. Ila kama neno lako ni jina la nchi au la eneo, hali ni nyingine. Mwenye France.com alikuwa nayo tangu 1994, akaiendesha kama biashara ya utalii, na 2018 ikahamishiwa serikali ya Ufaransa baada ya hukumu ya mahakama za huko. Miaka 24 ya kumiliki haikumwokoa.

Gharama ya kushikilia isikusumbue. Bei ya jumla ya .com ilifika dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, msajili, yaani kampuni uliyolisajilia jina, anaongeza chake, basi. Hatari ya kushikilia ni kupoteza kwa uzembe. 2018 kadi yangu iliisha muda, na taarifa za msajili zikawa zinaenda kwenye barua pepe niliyokwisha kuiacha. Nikagundua jina likiwa tayari kwenye zile siku 30 za kukomboa. Baada ya hapo ni siku tano tu, kisha linaachiwa kwa yeyote. Nililipa zaidi ya dola mia kulirudisha, na usiku ule sikulala. Leo hii, kabla hata ya kumjibu dalali, lipia hadi mwisho wa miaka kumi inayoruhusiwa, weka uthibitisho wa hatua mbili, badili barua pepe iwe ile unayoifungua kila siku.

Upande wa dalali, usimkatalie na usimkubalie. Mjibu kwa upole kwamba 4,000 haitoshi, kisha umtajie namba yako, ukiwa tayari umeiandika mahali namba ya chini ambayo hutashuka. Hiyo namba ya chini ipime kwa kitu halisi: ada za watoto, kumalizia nyumba, mtaji. Kimya kikikutisha utaikumbuka. Mimi 2016 sikuwa na namba ya chini, nilikuwa na ndoto tu, ndiyo maana niliposikia kimya sikujua nirudi wapi. Akiomba kulipa kwa awamu, kubali ikiwa jina litashikwa na mtu wa kati mpaka awamu ya mwisho.

Akikuambia ununue kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani, achana naye, ni wizi wa zamani sana. Malipo yapitie mtu wa kati kama Escrow.com: mnunuzi anaweka pesa, wanakuthibitishia, ndipo unahamisha jina. Anwani iandike mwenyewe, usibofye kiungo kwenye barua pepe, maana wapo wanaoiga. Msimbo wa uhamisho, ile namba ya siri ya kuhamishia jina, usiutoe kabla ya uthibitisho huo. Na mkataba uuhifadhi. Benki yangu iliniuliza pesa zimetoka wapi, na bila karatasi ile ningezungushwa.

Jina lenyewe usiliweke hapa hadharani. Tuambie tu kama mgeni anaweza kulitamka, kama lina maana moja au zaidi, na umekuta nini kwenye .co.tz, .co.ke na .io. Kama linatamkika na umekuta watu wawili au zaidi wanalitumia, mimi ningemtajia dalali 18,000 na nisingeshuka chini ya 9,000. Kama umekuta mmoja tu, mwombe 7,000, na akifika 5,000, uza wiki hiyohiyo.