Kwa nini ndege zinatoka na rangi tatu kwenye picha za Sentinel-2

Mkuu mleta mada, hizo ndege ulizouliza, za bluu, kijani na nyekundu zinazofuatana juu ya bahari kwenye picha za setelaiti ya Sentinel-2, ni ndege moja; si hitilafu, wala QGIS yako (programu ya ramani) haijavuruga kitu. Natengeneza ramani za mashamba kwa picha hizi, na nikifungua za upande wa Dar nakutana nazo mara kwa mara.

Chanzo ni kamera yenyewe ya setelaiti. Darubini yake imejengwa kwa vioo vitatu vya silikoni kabaidi. Lenzi hupinda kila rangi kivyake, na kamera hii inasoma mawimbi ya mwanga kuanzia nanomita 443 hadi 2190. Kioo huakisi zote sawasawa. Kisha mwanga unagawanywa: unaoonekana na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya karibu huku, infraredi ya mawimbi mafupi kule, ambako sensa (vipokea mwanga) lazima zipoozwe. Juu ya sensa kuna vichujio vyembamba, kila bendi (kipande kimoja cha mwanga, kama bluu au nyekundu) na mstari wake, vimepangwa sambamba. Kwa hiyo bendi hazioni sehemu moja kwa wakati mmoja. Kati ya bluu na nyekundu inapita takriban sekunde moja. Ardhi imetulia, programu ya uchakataji inazilinganisha bila shida. Ndege ya mita 240 kwa sekunde imeshasogea pikseli 24 za mita 10!

Halafu upana wa picha wa kilomita 290 unafunikwa na sensa 12 zilizopishana safu mbili, na mpangilio wa bendi hugeuka kutoka sensa moja hadi jirani yake. Ndiyo maana ndege zinazoelekea upande mmoja zinaweza kutangulizwa na rangi tofauti. Mawingu nayo hupata kingo za rangi kwa sababu yako juu ya ardhi. Hayo ndiyo yananikera zaidi ya ndege.

Kuhusu kwa nini bendi zote zisiwe za mita 10: tundu la darubini la kuingizia mwanga ni kama sentimita 15, na setelaiti iko kilomita 786 juu. Mawimbi yakirefuka, picha hufifia zaidi. Ukipiga hesabu, kwenye nanomita 842 tundu hilo linatenganisha vitu vilivyoachana mita 5 na kitu. Kwenye 2190 ni kama mita 14. Pikseli ya mita 10 pale ingekuwa na faida ndogo kuliko kwenye 842; bendi hiyo ina pikseli za mita 20. Ukiona mtu anatoa "bendi zote mita 10", amezinoa kwa hesabu.

Ekari moja ni pikseli kumi tu za mita 20, na nyingi zinagusa mpaka. Kwa mashamba ya ukubwa huo mimi nabaki na bendi za mita 10, B4 (nyekundu) na B8 (infraredi ya karibu). B11 na B12 (infraredi ya mawimbi mafupi, mita 20) nazitumia kwenye mashamba makubwa.