Nimezamisha Fedha Jambiani: Je, Mama Auze Mikarafuu?

Shangazi, assalaam alaykum. Mimi ni mfanyakazi wa bandarini Malindi hapa Unguja, mzaliwa wa Wete, Pemba, ninaishi Mwanakwerekwe na mke na watoto. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kiwanja Jambiani kwa shilingi milioni 38 kutoka kwa kijana aliyesema amekirithi kwa marehemu baba yake, tukaandikiana karatasi mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Nimejenga vyumba vinne vya kukodisha wageni hadi kwenye linta kwa milioni 52 nyingine, ambapo 20 kati ya hizo ni mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara wangu. Sasa dada wawili wa muuzaji wamerudi kutoka Muscat na wanadai kuwa hawakushirikishwa. Fundi anasema milioni 45 zitamaliza kazi, na dalali ananihakikishia kuwa nikifungua nitazirudisha fedha zote kwa miaka miwili. Mama yuko tayari kuuza shamba lake la mikarafuu ili anisaidie. Mke wangu hajui habari ya mkopo. Nifanye nini?
Mwenye Hasara, Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam, mwanangu. Shamba la mama lisiuzwe. Nalitanguliza hilo kwa sababu mengine yote uliyoniandikia bado yanaweza kurekebishwa, ilhali mikarafuu ikishapata mwenyewe mwingine haitarudi, na mama atabaki hana chake katika umri ambao hawezi kuanza upya. Tena mapato ya karafuu hayategemei ndege za watalii. Ukiyageuza kuwa vyumba vya wageni, utakuwa umeifunga riziki ya nyumba mbili kwenye biashara moja ambayo, kama tulivyoona mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia safari, inaweza kusimama kwa sababu zisizotuhusu kabisa.

Sasa tuje kwenye kiwanja, ambako ndiko hasara yako ilikoanzia. Kwa mirathi ya Kiislamu, ikiwa marehemu aliacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti hao wawili tu, kijana ana nusu ya mirathi na kila dada ana robo. Na ikiwa mjane wa marehemu yu hai, hutolewa kwanza thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kisha watoto wakagawana kilichobaki. Maana yake ni kwamba ulilipa milioni 38 kwa mtu ambaye, kwa hesabu iliyo nzuri kwako, alikuwa na haki ya kuuza nusu tu. Saini ya sheha inashuhudia kuwa mliandikiana, lakini haimpi muuzaji haki ambayo hakuwa nayo. Isitoshe, kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Ulichokuwa ukinunua ni haki ya kuitumia, na uhaulishaji wake, yaani kuihamishia kwa mtu mwingine, una taratibu za kiserikali ambazo karatasi ya kienyeji haizifuti.

Kwa hiyo simamisha ujenzi wiki hii, hata fundi akinuna. Kila tofali utakaloliweka baada ya kuletewa madai litakuwa gumu kulitetea mbele ya hakimu, na dada hao wanaweza kuomba zuio la mahakama wakati wowote. Kusimama hakugharimu sana: nondo zilizochomoza zipake uji wa saruji na uzifunike, kwani upepo wa chumvi wa pwani hiyo huzila haraka, na mbao za fundi ziondolewe kabla ya masika.

Kisha watafute hao dada kwa adabu, ukiwa na mtu mzima wa familia, na usiende kwa maneno ya kuwa umeshanunua. Waombe mfungue mirathi kwa Kadhi ili mafungu yajulikane kwa maandishi, halafu mzungumzie fidia, ambayo kwa haki inapaswa kutoka kwa kaka yao aliyepokea fedha zote. Wakikubali, makubaliano yaandikwe na wakili na yapitishwe panapohusika. Wakikataa, njia iliyobaki ni Mahkama ya Ardhi. Usijaribu kumtupia mnunuzi mwingine kiwanja hicho kimyakimya kabla ya suluhu, kwa kuwa naye atakuja kukudai wewe.

Kuhusu zile milioni 90 zilizokwisha kutoka, najua zinavyokunyima usingizi, lakini haziwezi kuwa sababu ya kutoa 45 nyingine. Jiulize hivi: kama leo ungekuwa na milioni 45 mkononi na huna kiwanja popote, ungeziweka kwenye ardhi yenye mgogoro? Naye dalali (ambaye hula kamisheni yake, wewe upate faida au hasara) amekupigia hesabu ya vyumba vilivyojaa mwaka mzima. Wewe piga ya kwako: miezi ya masika, Machi hadi Mei, iandikie sifuri, kisha toa umeme, maji, mlinzi, usafi, kodi na matengenezo. Ikiwa kinachobaki hakilipi rejesho la benki, basi hata ardhi ikisafika, malizia vyumba viwili kwanza, tena kwa akiba na si kwa mkopo mpya.

Mkeo mwambie habari ya mkopo kabla Ijumaa haijafika, ukiwa na karatasi ya benki mkononi, na umtajie kiasi chote kwa mara moja. Mshahara unaokatwa ndio unaomlisha yeye na watoto, na akiisikia habari hiyo kwa mtu wa bandarini mtakuwa na mgogoro wa pili. Kisha nenda benki uombe muda wa marejesho urefushwe ili makato ya mwezi yapungue, na uulize gharama ya jumla itaongezeka kwa kiasi gani kabla ya kutia saini. Nenda sasa, wakati hujakosa hata rejesho moja, maana mwenye rekodi safi husikilizwa vizuri zaidi kuliko aliyekwisha kuandikiwa barua ya onyo.