Maswali ya Wasomaji: Je, «cashew» ya Waingereza ilitoka kwetu?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwanangu wa darasa la sita ameniuliza kama Waingereza walilichukua neno lao cashew kwetu, kwa sababu bibi yake huuita mkorosho mkanju, na bibo huliita kanju. Nilikosa jibu. Nani alimkopa mwenzake?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba. Mwanao ana sikio zuri, kwani kanju na cashew ni ndugu wa tumbo moja, ingawa hakuna aliyemkopa mwenzake. Yote mawili yametokana na neno la Wareno, caju, ambalo wao walilipata kwa Watupi wa pwani ya Brazili, walioliita tunda hilo acaju. Katika karne ya 16 Wareno waliupeleka mti huo Goa, nchini India, wakauleta na pwani yetu, na kila uliposhushwa ulishuka na jina lake: Kihindi kikasema kaju, sisi kanju. Wafaransa ndio waliobaki na ile a ya mwanzo, ila acajou yao leo ni jina la mbao za mahogani pia.

Linalonigusa zaidi ni kwamba kwa Watupi neno hilohilo lilimaanisha mwaka, maana miaka waliihesabu kwa misimu ya mti huo. Mkulima wa Newala au Nachingwea halioni hilo kuwa geni, kwa kuwa naye deni la dukani na sare za watoto huyapangia msimu wa korosho, unaoanza kushika kasi mwezi wa Oktoba.

Kwa upande wa maana, Kiswahili kimepambanua vizuri kuliko Kiingereza. Mwingereza husema cashew kwa mti na kwa korosho, kisha bibo huliita tufaha la cashew, ilhali halina undugu wowote na tufaha. Liokote bibo asubuhi chini ya mti, likiwa laini, na maji yake yakiacha doa nguoni, utaiona korosho imening'inia nje, kwenye ncha. Wataalamu wa mimea husema hiyo korosho ndiyo tunda lenyewe, na bibo ni kikonyo kilichovimba; basi waliovipa vitu hivyo majina mawili walikuwa wameviangalia kwa makini.

Mwambie mwanao kwamba bibi yake hakosei: mkanju ni Kiswahili, na limo katika kamusi.